Sura ya Saba: Mlipuko wa Sekunde Chache Hupimwaje?

Kama hakuna aliyeuona na hakuna aliyeusikia, nani alijua kwamba umetokea? Swali hilo halikosekani kila habari za milipuko ya miale ya gama zinaposimuliwa darasani, redioni au barazani. Watu huelezwa kwamba mbali sana angani nyota kubwa imekufa, kwamba nguvu iliyotoka kwa sekunde chache imezidi ile ambayo jua letu litaitoa maisha yake yote, na kwamba hakuna jicho la mtu lililoshuhudia. Kisha wao huuliza: hesabu hizo zimepatikana wapi? Wanastahili jibu kamili, na njia nzuri ya kulipata ni kufuata mlipuko mmoja hatua kwa hatua.

Jumapili tarehe 9 Oktoba 2022, saa 9:16 alasiri kwa saa za mashariki ya Kongo, mnururisho mkali uliipiga hewa ya juu kabisa ya sehemu hii ya Afrika. Mtu aliyekuwa Kirolirwe, kwenye vilima vya malisho vya Masisi, kando ya barabara itokayo Sake kwenda Kitshanga, angeelekea kaskazini-mashariki na kuinua macho karibu nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi, angekuwa anatazama hasa mahali ulikotoka. Asingeona kitu. Hapakuwa na mwanga, mlio wala joto la kuhisiwa na ngozi. Hata hivyo mnururisho huo ulikuwa umesafiri kwa miaka ipatayo bilioni 1.9, tangu zama ambazo uhai wote wa dunia hii ulikuwa viumbe vidogo vidogo majini, na ulikuwa mkali kuliko mwingine wowote wa aina yake uliowahi kurekodiwa na vyombo vya binadamu.

Wanaastronomia waliuita GRB 221009A. Herufi tatu za mwanzo husimama badala ya maneno "mlipuko wa miale ya gama" kwa Kiingereza. Tarakimu ni mwaka, mwezi na siku, na A huonyesha kwamba ndio wa kwanza kuorodheshwa siku hiyo.

Jambo moja linaishikilia sura hii yote: hakuna chombo kimoja kilichoupima mlipuko huo peke yake. Kimoja kilisema lini, kingine kikasema wapi, cha tatu kikasema umbali gani. Elimu ya milipuko hii ni kazi ya kupokezana, na Afrika Mashariki imo ndani yake tangu zamani.

Miale ya gama ni nini, na kwa nini haifiki Kirolirwe?

Mawimbi ya redio, joto la jua, nuru tunayoiona, eksirei za hospitalini na miale ya gama ni ukoo mmoja. Vyote ni nuru kwa maana pana ya neno hilo. Kinachovitofautisha ni nishati ya kila fotoni, yaani kila punje moja ya nuru. Nishati hiyo hupimwa kwa kipimo kidogo sana kiitwacho elektronivolti. Fotoni ya nuru ya kawaida, ile inayotuonyesha wekundu wa lava ya Nyiragongo usiku, ina elektronivolti 2 hivi. Fotoni za gama zina maelfu, mamilioni, hata mabilioni ya elektronivolti.

Kwa nguvu hiyo yote mtu angedhani kwamba gama ingepenya hewa bila shida, lakini sivyo. Fotoni ya gama inapoingia kwenye angahewa hugonga atomi moja baada ya nyingine na kupoteza nishati yake, na hewa iliyo juu yetu ina uzito sawa na maji ya kina cha mita 10 hivi. Kupanda mlima hakusaidii sana: hata kileleni mwa Karisimbi, mita 4,507 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya nusu ya hewa bado iko juu ya kichwa chako. Kizuizi hiki ndicho kinachotulinda, na ndicho kinachotulazimisha kupeleka vitambuzi nje ya angahewa. Kitambuzi ni kifaa kinachogeuza fotoni moja kuwa mshtuko mdogo wa umeme unaoweza kuhesabiwa.

Kuna ugumu wa pili. Nuru ya kawaida hukunjwa na kioo cha lenzi au cha darubini mpaka picha ikatokea. Gama haikubali. Hupenya kioo au humezwa nacho, kwa hiyo picha yake hutafutwa kwa werevu mwingine, kama tutakavyoona.

Kwa kifupi:
- Miale ya gama ni nuru yenye nishati kubwa mno.
- Angahewa huimeza, kwa hiyo vitambuzi vyake huwekwa kwenye satelaiti.
- Lenzi na vioo vya kawaida haviwezi kuikusanya.

Walitafuta mabomu, wakakuta nyota

Mwaka 1963 Marekani, Umoja wa Kisovieti na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kuacha majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, baharini na nje ya angahewa. Marekani ilitaka kuhakikisha kwamba hakuna anayedanganya. Bomu la nyuklia hutoa gama, kwa hiyo ikarusha satelaiti za Vela, zikizunguka dunia mbili mbili pande tofauti, kilomita zipatazo 118,000 juu.

Tarehe 2 Julai 1967 vitambuzi vyake vilinasa mpigo wa gama ambao haukufanana na wa bomu lolote. Mipigo mingine ikafuata miaka iliyofuata. Wataalamu wa maabara ya Los Alamos, Ray Klebesadel, Ian Strong na Roy Olson, walichambua saa ambazo kila satelaiti ilipigwa, wakathibitisha kwamba chanzo hakikuwa duniani wala kwenye jua. Mwaka 1973 waliutangazia ulimwengu milipuko 16.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Je, milipuko hiyo iko karibu, ndani ya galaksi yetu, au iko mbali sana? Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, na yetu ndiyo ule ukanda wa weupe unaoonekana usiku usio na mwezi. Darubini ya Compton, iliyorushwa mwaka 1991, ilirekodi milipuko 2,704 kwa miaka tisa, nayo ilikuwa imetapakaa sawasawa kila upande wa anga, bila kujikusanya kwenye ukanda huo. Ilikuwa dalili kubwa kwamba iko mbali. Uthibitisho, hata hivyo, ulikuwa bado.

Wapi? Njia tatu za kupata mwelekeo

Kitambuzi kinapopigwa na gama, kinajua saa, hakijui upande. Kuna njia kuu tatu za kuujua upande huo.

1. Tofauti ya saa. Nuru husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Chukua satelaiti mbili zilizo mbali kwa kilomita 300,000. Mlipuko ukitokea kwenye mstari ule ule unaoziunganisha, ya pili itapigwa sekunde 1 kamili baada ya ile ya kwanza. Ukitokea ubavuni, zitapigwa pamoja. Tofauti ikiwa nusu sekunde, hesabu ya pembe inatoa digrii 60 kutoka kwenye mstari huo. Ukiwa na satelaiti tatu au zaidi, mielekeo inayowezekana hupungua mpaka eneo dogo linabaki.

2. Kulinganisha vitambuzi vinavyotazama pande tofauti. Darubini ya Fermi, iliyorushwa tarehe 11 Juni 2008, ina vitambuzi 12 vya fuwele za iodidi ya sodiamu vilivyoelekezwa huku na huku. Fotoni ikigonga fuwele, fuwele hutoa mmweko mdogo wa nuru, na mmweko huo hugeuzwa kuwa umeme. Kitambuzi kinachoutazama mlipuko ana kwa ana huhesabu fotoni nyingi kuliko kilichogeukia pembeni, na uwiano wa hesabu hizo huonyesha upande. Fermi huona anga yote isiyozibwa na dunia, ila jibu lake mara nyingi hukosea kwa digrii kadhaa, nao mwezi mpevu wote una upana wa nusu digrii tu.

3. Kivuli. Njia hii hutumiwa na darubini ya Swift, iliyorushwa tarehe 20 Novemba 2004. Shika kikapu kilichofumwa kwa nafasi juani, utaona chini kivuli cha vitobo vyake. Jua likisogea, kivuli nacho husogea, na mtu anayeujua vizuri ufumaji wa kikapu hicho anaweza kukitazama kivuli peke yake akasema jua liko wapi. Swift imebeba bamba kubwa lenye vigae vya risasi zaidi ya 50,000, vilivyopangwa bila kufuata mstari. Mita moja chini yake kuna vitambuzi 32,768, kila kimoja na upana wa milimita 4. Gama ikija, vigae huacha kivuli juu ya vitambuzi, na kompyuta iliyomo ndani hutafuta ni mwelekeo gani pekee ungeweza kutoa kivuli kama hicho.

Swift haingoji amri ya mtu. Ndani ya sekunde 20 hivi imekwisha kupata mwelekeo, kisha hujigeuza yenyewe, na mara nyingi kabla dakika mbili hazijaisha huwa imeelekeza darubini zake nyingine mbili mahali pale: moja ya eksirei, nyingine ya nuru ya kawaida na ya urujuanimno. Darubini ya eksirei hutoa mahali kwa usahihi wa sekunde chache za pembe, na digrii moja ina sekunde za pembe 3,600. Kufikia Oktoba 2015 Swift ilikuwa imekwisha kunasa milipuko 1,000.

Malindi ndani ya mnyororo

Zaidi kidogo ya kilomita 1,200 mashariki ya Kirolirwe, kwenye pwani ya Kenya, kuna Ngomeni karibu na Malindi. Huko Italia ilijenga kituo cha anga cha San Marco, ambacho leo kina jina la Luigi Broglio, mhandisi aliyekianzisha. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, ilirushwa kutoka jukwaa la baharini huko satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mwaka 1972 jukwaa hilo hilo lilirusha SAS-2, darubini ya miale ya gama.

Mchango mkubwa zaidi wa Malindi katika hadithi yetu ulikuja na BeppoSAX, satelaiti ya Italia na Uholanzi iliyorushwa tarehe 30 Aprili 1996. Njia yake ilifuata ikweta kwa karibu sana, haikupita digrii 4 kaskazini wala kusini. Maana yake, kila ilipoizunguka dunia, muda wa saa moja na nusu hivi, ilipita juu ya Kongo, na dakika chache baadaye ilikuwa juu ya Malindi. Humo njiani, ndani ya dakika kumi hivi, antena ya Malindi ilipokea yote yaliyorekodiwa katika mzunguko mzima na kuyapeleka Roma. Hakikuwako kituo kingine cha kuipokea. BeppoSAX ilizungumza na wanadamu kupitia pwani ya Waswahili peke yake.

Tarehe 28 Februari 1997, saa 11:58 alfajiri kwa saa za Malindi, BeppoSAX ilinasa mlipuko. Kwetu Kivu ilikuwa saa 10:58. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire, na familia nyingi za Masisi na Walikale zilikuwa zimekwisha kutawanywa na vita. Data zilishuka Malindi, zikafika Roma, mahali pa mlipuko pakapatikana, amri ikapandishwa kupitia Malindi, na saa nane hivi baada ya mlipuko satelaiti ilikuwa imeelekeza darubini zake kali za eksirei pale. Kundi la Enrico Costa likaona kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona: mng'ao wa baadaye, yaani eksirei zinazobaki na kufifia polepole baada ya gama kwisha. Siku hiyo hiyo kundi la Jan van Paradijs wa Amsterdam lilipiga picha ya mahali pale kwa darubini ya kisiwa cha La Palma, na nuru ya kawaida yenye kufifia ikapatikana nayo.

Miezi miwili baadaye, tarehe 8 Mei 1997, mlipuko mwingine ulionaswa na BeppoSAX uliwawezesha wataalamu wa darubini ya Keck huko Hawaii kupima umbali. Ulitoka mabilioni ya miaka ya nuru, mbali kabisa na galaksi yetu. Mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja. Ubishi wa karibu miaka 25 ulifungwa hivyo, na kila punje ya data za BeppoSAX ilikuwa imepita Malindi.

Kazi haikuishia hapo. Swift nayo huteremsha data zake Malindi mara nyingi kila siku, na satelaiti ya Kiitaliano AGILE, iliyorushwa mwaka 2007 kuchunguza gama, ilitumia kituo hicho hicho.

Metali za Masisi na Walikale, na kazi yake angani

Swift ikiwa angani hupigwa pia na mnururisho usiotakiwa kutoka kila upande. Isipokingwa, mlipuko wa mbali ungepotea ndani ya kelele hizo. Kwa hiyo vitambuzi vyake vimezungushiwa ngao ya matabaka manne: risasi, tantali, bati na shaba.

Mpangilio huo una sababu. Atomi nzito ina elektroni nyingi, na elektroni ndizo zinazoizuia gama. Risasi huzuia vizuri, ila ikishapigwa hutoa eksirei zake yenyewe. Tantali, ambayo atomi yake ni nyepesi kidogo, hukamata eksirei za risasi na kutoa zake zenye nishati ndogo zaidi. Bati hukamata za tantali, shaba hukamata za bati. Kinachobaki mwishoni ni hafifu kiasi kwamba hakisumbui.

Wakazi wa huku wanazijua metali hizi kwa majina ya mawe yake. Tantali hutolewa katika koltani, ile inayochimbwa Rubaya, Masisi. Bati hutolewa katika kasiteriti, ambayo mlima wa Bisie kule Walikale umejulikana kwayo. Fermi nayo, katika darubini yake kubwa, ina karatasi nyembamba za wolframu, metali nyingine ambayo mawe yake huchimbwa Kivu. Fotoni yenye nishati kubwa ikipita humo hugeuka kuwa chembe mbili, elektroni na pacha wake mwenye chaji ya kinyume, na njia za chembe hizo huonyesha fotoni ilitoka wapi.

Haya hayathibitishi kwamba kipande fulani cha Swift kilitoka Rubaya. Yanathibitisha kwamba metali hizi zina sifa ambazo elimu ya anga haiwezi kuzikwepa. Mchimbaji anayeingia shimoni kwa tochi na sururu, katika nchi ambayo madini yake yamekuwa sababu ya watu kufukuzwa majumbani, ana haki ya kujua thamani ya alichokishika: thamani ya elimu, pamoja na ile ya kilo. Mtoto wake ana haki ya kufundishwa shuleni kinachofanywa nayo.

Ni nini hasa kinachopimwa?

Mlipuko ukishanaswa, wataalamu hutafuta mambo manne.

- Muda. Huhesabiwa kuanzia pale asilimia 5 ya fotoni zote zimefika mpaka asilimia 95 zimefika. Milipuko isiyozidi sekunde 2 huitwa mifupi, mingine mirefu.
- Kiasi. Ni jumla ya nishati iliyoangukia kila sentimita moja ya mraba ya kitambuzi.
- Mgawanyo wa nishati. Ni fotoni ngapi zilikuwa dhaifu na ngapi zilikuwa kali. Mgawanyo huu hueleza hali ya mahali zilikozaliwa.
- Umbali. Huu haupatikani katika gama yenyewe. Hupatikana kwa kuchambua rangi za nuru ya mng'ao wa baadaye, au za galaksi ulimotokea mlipuko.

Umbali hupimwa hivi. Kila elementi, kama hidrojeni au chuma, humeza rangi maalumu za nuru na kuacha mistari ya giza inayotambulika. Ulimwengu unapanuka, na nuru iliyo safarini hunyooshwa nao, kwa hiyo mistari hiyo husogea kuelekea upande wa wekundu. Kadiri ilivyosogea ndivyo safari ilivyokuwa ndefu.

Mlipuko wa tarehe 23 Aprili 2009, ulionaswa na Swift, ulikuwa umenyooshwa mara 9.2. Nuru yake ilisafiri miaka ipatayo bilioni 13. Muda wenyewe hunyooshwa vilevile: kwetu ulidumu sekunde 10 hivi, kule ulikotokea ulichukua sekunde 1 tu. Anayesahau hesabu hiyo atapima sekunde zisizokuwepo.

Umbali ukijulikana, hutumiwa pamoja na kiasi kilichofika kukokotoa nguvu ya mlipuko. Hapo kuna tahadhari. Milipuko hii haimwagi nguvu pande zote sawasawa. Huirusha katika mikondo miwili myembamba iliyopeana migongo, na sisi huona tu ile ambayo mmoja wa mikondo yake umetuelekea. Mtaalamu asipolizingatia hilo atakuza nguvu ya mlipuko kupita kiasi.

Tukirudi kwenye mlipuko wa Oktoba 2022, tutaona kazi ya kupokezana ilivyohitajika. Fermi iliunasa saa 9:16, saa zetu, lakini fotoni zilikuja kwa wingi hata vitambuzi vyake vikashindwa kuhesabu zote. Swift wakati huo haikuwa ikitazama upande ule. Ilipoutazama, saa 10:10 alasiri, ilikuta kitu kinachong'aa mno, na mwanzoni kikadhaniwa kuwa chanzo kipya kilicho ndani ya galaksi yetu. Saa ya Fermi ilipolinganishwa na mahali pa Swift ndipo ukweli ulipojitokeza. Vitambuzi vya satelaiti ya Kichina GECAM-C, iliyokuwa imerushwa Julai ya mwaka huo huo, havikuzidiwa, vikatoa hesabu ya kilele cha mlipuko. Darubini za ardhini zikapima umbali. Wataalamu wanakadiria kwamba mlipuko wa ukali huo huifikia dunia mara moja katika miaka 10,000 hivi.

Dhahabu ilitoka wapi?

Mingi ya milipuko mirefu hutokana na nyota nzito ambayo kitovu chake kimeporomoka na kuwa shimo jeusi, kitu chenye mvuto ambao hata nuru haiuponyoki. Kuhusu mifupi, ushahidi mkubwa ulikuja tarehe 17 Agosti 2017. Vyombo vya Marekani na Italia vinavyopima mitikisiko ya mvuto vilihisi nyota mbili za nutroni zikigongana. Nyota ya nutroni ni kiini cha nyota iliyokufa, kizito kuliko jua letu lakini chenye upana wa kilomita 20 hivi tu. Sekunde 1.7 baadaye Fermi ilinasa mlipuko wa gama uliodumu sekunde 2 hivi. Darubini za ardhini zikapata mahali pake: galaksi NGC 4993, miaka milioni 130 ya nuru kutoka hapa.

Nuru iliyobaki pale ilionyesha kwamba mgongano ulikuwa umezaa elementi nzito kwa wingi, za aina ya dhahabu na platini. Kwa hiyo sehemu ya dhahabu inayochekechwa katika mito ya Walikale ilizaliwa katika migongano kama hiyo, kabla ya jua letu na dunia yetu kuwako. Kitambuzi kilicho angani na karai la mchekechaji dhahabu vinagusa historia moja.

Je, tuna la kuogopa?

Mlipuko wa 2022 ulikuwa mkali kuliko yote tuliyoipima, na hakuna aliyedhurika. Ulichofanya ni kutikisa tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, ambalo huyarudisha chini mawimbi ya redio ya masafa mafupi, na vyombo viliurekodi mtikisiko huo. Ili kutudhuru, mlipuko ungepaswa kutokea karibu, ndani ya galaksi yetu, na mkondo wake kutuelekea sisi hasa. Hayo kukutana pamoja ni nadra mno.

Mlango ulio wazi

Data za Swift na za Fermi hutolewa wazi kwa kila mtu, bila malipo, mara nyingi ndani ya saa chache. Mwanafunzi wa sekondari aliye Kirolirwe, Sake au Walikale-mjini, akipata simu na mtandao wa siku moja, anaweza kupakua hesabu za mlipuko, kuchora fotoni kwa kila sekunde, na kutafuta mwenyewe muda wa kutoka asilimia 5 hadi 95. Kinachohitajika ni kujumlisha, asilimia, na mwalimu mwenye moyo wa kukaa naye.

Umeme na mtandao ni haba huku, na vita vimevunja shule nyingi. Hizo ni sababu za kudai shule zijengwe upya na ziwekewe nyenzo. Haziwezi kuwa sababu ya kuwaambia watoto wa Masisi kwamba anga ni ya wengine. Anga ya mlipuko wa 2022 ilikuwa juu yao, njia ya BeppoSAX ilipita kwao, na metali wanazozijua kwa majina zimo katika ngao ya Swift. Kilichobaki ni wao wenyewe kuingia kazini: kusoma data, kuuliza maswali, na kupokea zamu yao katika upimaji huu.